Glasi ya Juisi Kigali na Historia ya Kuipima

Mwaka 1907 Richard Kandt, daktari Mjerumani aliyekuja Afrika kutafuta chanzo cha mto Naili, aliweka kituo cha utawala kwenye kilima cha Nyarugenge. Kituo hicho ndicho kilichozaa mji wa Kigali, na nyumba inayobeba jina lake ingalipo, sasa ikiwa makumbusho. Mwaka uleule, mbali kabisa na vilima vya Rwanda, wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, walichapisha habari za simbilisi waliowalisha nafaka kavu bila jani wala tunda. Simbilisi ni wale wanyama wadogo wa jamii ya panya ambao upande wa Kivu watu huwafuga majumbani kwa kitoweo. Wanyama hao walivuja damu, mifupa ikalegea, wakafa kwa kiseyeye. Waliopewa kabichi mbichi au maji ya limau walinusurika.

Kwa jaribio hilo, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza mabaharia uliweza kuchunguzwa juu ya meza. Simbilisi na binadamu wana upungufu mmoja: miili yao haiwezi kujitengenezea vitamini C. Mbuzi hujitengenezea. Ng'ombe hujitengenezea. Binadamu hana budi kuila, na akiacha kwa miezi miwili mitatu mwili huanza kudai.

Mji wa Kigali na elimu ya vitamini C, basi, vina umri mmoja. Vimekua kila kimoja kwa njia yake, vikakutana kwenye glasi ya juisi. Anayefuatilia historia ya glasi hiyo anaona jambo moja likijirudia: kila miaka ilivyopita, tunda lilizidi kuwa mbali na mdomo. Zamani lilichumwa na kuliwa papo hapo. Kisha likakamuliwa, likachemshwa, likafungwa kwenye chupa, likawekwa rafuni. Njia yote hiyo vitamini C inapungua bila kubadili rangi, harufu wala utamu. Ulimi hauwezi kugundua. Ndiyo maana kipimo kikawa lazima.

Kabla ya mtu yeyote kuipima, pwani ya Waswahili ilikuwa na dawa yenyewe mitini. Mwezi Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya Mombasa, na miongoni mwa mabaharia walikuwamo waliokwisha kuugua kiseyeye njiani. Mtawala wa mji aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi; habari hizo zimo katika kumbukumbu za safari zilizoandikwa na mmoja wao. Waliporudi kutoka India walikaa baharini karibu miezi mitatu bila kuona nchi kavu, wakazika majini watu wapatao 30. Walipofika Malindi, Januari 1499, nahodha mkuu alimtuma mtu pwani akalete machungwa, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakiyatamani mno. Machungwa yalikuja, lakini kwa wengi yalikuja yamechelewa, wakafia palepale Malindi.

Mabaharia wale walitamani tunda wasilolijua kazi yake. Mwili ulijua kabla ya akili.

Matunda hayo yalipanda bara pamoja na misafara, na ushahidi uliobaki umo katika lugha. Ukisikiliza mazungumzo ya soko la Kimironko, Mnyarwanda huita machungwa amacunga, ndimu huiita indimu, maembe imyembe, papai ipapayi, nanasi inanasi na mapera amapera. Maneno hayo ni ya Kiswahili yaliyovaa nguo ya Kinyarwanda. Wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi waliufuata mji wa Kandt tangu siku zake za mwanzo, na wazao wao wa lugha na dini ndio walioufanya mtaa wa Biryogo, upande wa Nyamirambo, kuwa ngome ya Kiswahili ya Kigali. Mwaka 2017 bunge la Rwanda lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, kapu la matunda lilikuwa limeshakitumia kwa miaka mingi.

Hii haina maana kwamba kabla ya machungwa Wanyarwanda walikosa vitamini C. Walikuwa na mboga za majani: isogi, ambayo ndiyo mgagani, na dodo, yaani mchicha. Walikuwa na viazi vitamu, na watoto waliokwenda machungani walichuma inkeri, matunda madogo ya porini ambayo jina lake sasa limepewa pia stroberi. Kwa mizani ya leo gramu 100 za mchicha mbichi zina takriban miligramu 43 za vitamini C, karibu sawa na chungwa. Tatizo la mboga lipo jikoni. Vitamini hii huyeyuka majini na huharibiwa na moto na hewa, kwa hiyo mboga iliyochemshwa saa nzima na maji yake yakamwagwa hubaki na rangi ya kijani na nyuzinyuzi, lakini vitamini C nyingi imekwenda na maji.

Maziwa, ambayo utamaduni wa Rwanda umeyapa heshima kuliko kinywaji chochote, hayawezi kuziba pengo hilo. Ng'ombe hujitengenezea vitamini C kwa ajili yake mwenyewe. Katika maziwa huachia kidogo sana, takriban miligramu moja kwa gramu 100, na kuyachemsha kunapunguza hata hicho kidogo.

Juisi ya kwanza ya nchi hii ni ya ndizi. Umutobe, neno ambalo leo Wanyarwanda hulitumia kwa juisi yoyote, kwa asili ni maji matamu ya ndizi mbivu, na kazi ya kuyapata ni ya kutazamwa kwa karibu. Mikungu ya ndizi za pombe huvundikwa shimoni, ikafunikwa majani ya migomba na udongo, moto mdogo ukafukizwa pembeni mpaka ziive zote kwa pamoja. Baada ya siku chache shimo hufunuliwa. Ndizi humenywa na kutupwa ndani ya umuvure, mvure mrefu wa mti uliochongwa kama mtumbwi mfupi, zikachanganywa na majani makavu, kisha wanaume huzikanda kwa mikono au kuzikanyaga. Majani yale ndiyo siri ya kazi. Bila majani ndizi hugeuka uji mzito usiotoa hata tone. Yakiwemo, nyama ya ndizi hujishika kwenye majani na maji huanza kuchuruzika, maangavu, matamu kama asali. Hayo yakinywewa siku hiyo ni umutobe. Yakitiwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa yachachuke, huwa urwagwa, pombe ya kuposea, kuamulia ugomvi na kupokelea wageni, inayonywewa kwa mirija kutoka kibuyu kimoja.

Ndizi yenyewe ina vitamini C kidogo, isiyofika miligramu 10 kwa gramu 100, na kukandwa kule katika mvure ulio wazi huipeperusha hewani. Umutobe ulileta nguvu ya sukari na undugu wa kunywa pamoja. Hakuna aliyewahi kuudai kitu kingine, na hapo ndipo ulipotofautiana na juisi zilizokuja baadaye, ambazo zilikuja na ahadi.

Ahadi hizo zilitoka maabara. James Lind, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, alikuwa amewagawa mabaharia 12 wagonjwa wawiliwawili mwaka 1747, kila wawili akawapa tiba yao. Wale waliopewa machungwa mawili na limau moja kwa siku ndio walioinuka kwanza. Jeshi hilo lilichelewa hadi 1795 kuwapa mabaharia wote maji ya limau. Hata hivyo kitu kilichokuwa ndani ya limau hakikupata sura mpaka Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria, alipokipata kwa wingi katika pilipili nyekundu za mji wa Szeged mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1937 alipewa Tuzo ya Nobel, na mwaka huohuo Walter Norman Haworth wa Uingereza akapewa ya kemia kwa kuuchora muundo wa dutu hiyo, asidi askobiki.

Msomaji wa Kigali atakumbuka kuwa na nchi yake ina pilipili mashuhuri. Akabanga, mafuta makali ya pilipili yanayouzwa katika vichupa vya kudondoshea, yamefika mbali kuliko bidhaa nyingi za Rwanda. Ila vitamini C huyeyuka majini, si katika mafuta; ukali wa pilipili ndio unaoingia katika mafuta. Anayetaka kile alichokipata Szent-Györgyi itambidi aile pilipili mbichi.

Kipimo chenyewe kilizaliwa pamoja na ugunduzi. Josef Tillmans, mkemia Mjerumani, aliona kwamba maji ya limau hufuta rangi ya buluu iitwayo dikloroindofenoli, na kwamba kiasi cha rangi kinachofutwa kinaendana na nguvu ya kuzuia kiseyeye. Mpaka leo maabara za chakula zinaitumia. Shirika la Kimataifa la Viwango liliiweka katika kanuni yake namba 6557, sehemu ya pili, mwaka 1984: juisi hutiwa asidi ili vitamini isiharibike, kisha rangi hudondoshwa tone kwa tone. Kila tone hufifia. Vitamini inapokwisha, tone la mwisho hukosa wa kulifuta na juisi hubaki na wekundu hafifu kama waridi. Mpimaji husimama hapo na kusoma kiasi alichotumia.

Shuleni hutumika njia rahisi zaidi, ya iodini na wanga. Mwanafunzi humimina mililita 10 za juisi iliyochujwa katika chupa yenye umbo la koni, akaongeza matone machache ya maji ya wanga. Juu ya chupa husimama bureti, mrija mrefu wa kioo wenye alama na koki ndogo chini, uliojaa iodini iliyozimuliwa. Anafungua koki. Tone linaanguka, doa la buluu iliyokoza linatanda mfano wa wino, anaizungusha chupa, doa linatoweka. Linaanguka jingine, linatoweka. Vitamini inaikamata iodini kabla wanga haujaigusa. Madoa yanaanza kuchelewa kutoweka, na sasa mkono lazima uwe mwepesi, kwa sababu tone moja la ziada huharibu hesabu. Ghafla chupa nzima inageuka buluu nyeusi na kubaki hivyo.

Hesabu yake inamtosha mtoto wa sekondari. Iodini ikiwa na nguvu ya moli 0.005 kwa lita, kila mililita iliyotumika inawakilisha miligramu 0.88 za vitamini C. Zikitumika mililita 3.4, mililita zile 10 za juisi zilikuwa na miligramu 3, yaani 30 kwa kila mililita 100, na hicho ndicho kiasi cha pasheni ya zambarau iliyokamuliwa sasa hivi. Zipo tahadhari. Dawa za kuhifadhia juisi zenye salfa nazo hula iodini na kuifanya juisi ionekane tajiri kuliko ilivyo. Juisi ya matunda damu, ibinyomoro kwa Kinyarwanda, ina wekundu wake yenyewe unaoficha ule wa dikloroindofenoli. Kwa kesi kama hizo maabara kubwa huziacha rangi na kutumia mashine za kromatografia.

Namba hiyo ya 30 inalinganishwa na nini? Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo, katika mwongozo wao wa 2004, wamemwekea mtu mzima miligramu 45 kwa siku. Mama mjamzito 55, anayenyonyesha 70, mtoto wa mwaka mmoja hadi sita 30. Marekani huweka juu zaidi: 90 kwa mwanamume na 75 kwa mwanamke. Tofauti inatokana na swali linaloulizwa, ama kiasi cha kumlinda mtu asiugue kwa nafasi ya kutosha, ama kiasi cha kuzijaza seli zake. Kuzuia kiseyeye pekee kunahitaji kidogo mno. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu waliokataa kubeba silaha walijitolea kula chakula kisicho na vitamini C chini ya usimamizi wa Hans Krebs. Waliokosa kabisa walianza kuvuja damu kwenye fizi na vidonda vyao vikagoma kufunga; miligramu 10 kwa siku zilitosha kuwarudisha.

Kwa hiyo glasi ya mililita 200 ya pasheni halisi, ikinywewa papo hapo, ina miligramu 60 na inamvusha mtu mzima kiwango chake cha siku. Glasi ya juisi halisi ya chungwa inakaribia 100. Neno linalobeba uzito hapo ni "halisi".

Kwa miaka mingi vinywaji vilivyotawala sherehe za Kigali havikuwa na uhusiano wowote na tunda. Kampuni ya bia ya Bralirwa, iliyoanzishwa mwaka 1957, ilianza kutengeneza soda za Coca-Cola mwaka 1974, na jina Fanta likaenea hata likawa jina la soda zote. Mpaka leo mgeni wa arusi Kigali huulizwa anakunywa fanta gani. Soda ya rangi ya chungwa ikawa alama ya heshima mezani, ilhali mapera yalibaki chakula cha watoto wanaopanda miti. Hasara hiyo ya heshima pengine ilikuwa kubwa kuliko hasara ya vitamini.

Aliyelirudisha tunda kwenye chupa ni mkulima na mfanyabiashara Sina Gérard. Mwaka 1983 alianza biashara ndogo ya maandazi huko Nyirangarama, wilaya ya Rulindo, kando ya barabara kuu ya kutoka Kigali kwenda Musanze. Abiria waliokuwa wakisimama kununua maandazi walihitaji kinywaji, naye alikuwa amezungukwa na vilima vinavyokubali pasheni na stroberi. Kampuni yake, Urwibutso, ikawapa majirani miche na kuwanunulia mavuno, ikatoa juisi ya Agashya, kisha ndiyo iliyoleta Akabanga. Hadi leo basi linaloelekea kaskazini ni nadra lipite Nyirangarama bila kusimama.

Pasheni, ambayo Wanyarwanda wengi huiita marakuja, asili yake ni Amerika ya Kusini. Kenya ilianza kuilima kibiashara mwaka 1933, na Uganda ikafuata mnamo 1960, kabla magonjwa hayajayafyeka mashamba makubwa ya nchi zote mbili. Kiwandani ni tunda lenye tabia ngumu. Juisi yake ina wanga wa asili, na wanga ukipashwa moto huwa gundi inayoshika kwenye kuta za mitambo. Mpishi wa juisi anabanwa pande mbili: asipochemsha, chachu na bakteria watailipua chupa, akichemsha mno, mtambo unaziba, harufu inakufa na vitamini C inaungua.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 nchi ilianza upya karibu katika kila jambo, maabara zikiwemo. Mwaka 1997 ilifunguliwa KIST, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, katika majengo yaliyokuwa chuo cha maofisa wa jeshi. Mahali palipofundishwa vita pakafundishwa kemia ya chakula. Miaka hiyohiyo kikaanzishwa kiwanda cha Inyange, kilichopo Masaka, wilaya ya Kicukiro, kikianza na maziwa kisha kuongeza maji na juisi. Inyange ndiye yangeyange, ndege mweupe anayewafuata ng'ombe malishoni. Mwaka 2002 serikali ikaunda shirika la viwango, ambalo leo linaitwa Rwanda Standards Board, lenye maabara zake Kicukiro na alama ya S inayogongwa kwenye bidhaa iliyopimwa ikakubalika. Mwaka 2018 ikaongezwa mamlaka ya chakula na dawa. Katika muda wa miaka 25 hivi mji uliopoteza karibu kila kitu ulipata viwanda vya juisi na pia watu wenye ujuzi wa kuipima. Hilo si jambo dogo, na halisemwi vya kutosha.

Lakini maandishi ya chupa yanahitaji kusomwa kwa makini. Juisi kamili ni kitu kimoja. Nekta, ambayo ni juisi iliyoongezwa maji na sukari, ni kingine. Kinywaji chenye ladha ya tunda ni cha tatu. Ukali wa pasheni huifanya inywewe ikiwa imezimuliwa, na sheria za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, zinairuhusu nekta yake kuwa na juisi asilimia 25 tu. Tukipiga hesabu, miligramu 30 zinakuwa 7.5 kwa mililita 100. Glasi nzima ina 15, theluthi moja ya mahitaji ya siku, na hiyo ni kabla ya moto wa kiwandani, kabla ya jua la dirisha la duka, kabla ya wiki za kukaa rafuni. Baadhi ya viwanda hurudisha vitamini C kwa kuiongeza, nayo huandikwa asidi askobiki au E300. Mara nyingi lengo ni kuzuia rangi isigeuke hudhurungi, na mnywaji hufaidika kwa bahati.

Kwamba lebo na glasi vinaweza kupishana, dunia ilifundishwa na watoto. Mwaka 2004 wasichana wawili wa miaka 14 katika sekondari moja ya Auckland, New Zealand, walipima juisi kadhaa kwa ajili ya kazi ya shule. Ribena, kinywaji kilichotangazwa kwa sifa kwamba tunda lake lina vitamini C mara nne ya chungwa, ile ya kunywa moja kwa moja, ilionyesha karibu hakuna kitu. Walidhani wamekosea, wakarudia. Walikuwa sahihi. Machi 2007 kampuni ya GlaxoSmithKline ilikiri mahakamani makosa 15 na kutozwa faini ya dola 217,500 za nchi hiyo. Sifa ya tunda ilikuwa kweli kuhusu tunda. Haikuwa kweli kuhusu chupa. Vifaa vya kugundua hivyo vinapatikana katika maabara ya kawaida ya shule.

Wapo watakaouliza kama haya yote yana uzito Afrika Mashariki ya leo. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, miaka ya 2017 na 2018, vijana wa Sudan Kusini walianza kulalamika maumivu ya miguu na mashavu ya miguu kukakamaa hadi kutembea kukawa taabu. Wengi walikuwa wavulana wanaoishi wenyewe na kujipikia mgao wa nafaka na maharage bila tunda wala mboga. Ulikuwa ni kiseyeye, ugonjwa wa merikebu za da Gama, nchi ileile ya Malindi, miaka 500 na ushei baadaye. Walipopewa vidonge vya vitamini C walipona.

Rwanda ina sababu nyingine ya kujali, nayo imo katika sahani ya maharage. Nchi hii hula maharage kuliko nyingi duniani, na chuma kilicho ndani ya maharage huingia mwilini kwa shida. Vitamini C ikiwepo katika mlo uleule, chuma hicho hupokelewa kwa urahisi zaidi. Muda ndio wenye maana: juisi ya saa nne asubuhi haisaidii maharage ya saa nane mchana. Ndimu iliyokamuliwa juu ya sahani, kipande cha papai au nanasi baada ya kula, au nyanya mbichi pembeni vinafanya kazi hiyo kwa wakati wake. Kampeni ya akarima k'igikoni, bustani ndogo ya mboga karibu na jiko, iliyoenezwa nchi nzima, inalitumikia jambo hili kuliko tangazo lolote la juisi.

Viwanda vya Kigali na vya Rulindo vimeshafika mahali pa kuweza kuandika juu ya chupa si jina la tunda pekee, bali miligramu za vitamini C zilizopimwa mwishoni mwa muda wa kuuzwa, siku ambayo chupa iko katika hali yake dhaifu kabisa. Wataalamu wapo, maabara zipo, kanuni zipo. Shule nazo zipime juisi za mtaani kwao na kubandika matokeo ukutani. Lita moja ya iodini iliyozimuliwa inatosha darasa zima.

Na wewe unayerudi nyumbani jioni kupitia Kimironko, kabla ya kufika kwenye friji ya juisi kuna meza ya mapera. Pera moja la gramu 55, ambalo halijachemshwa wala kufungwa popote, lina takriban miligramu 125 za vitamini C, karibu mara tatu ya unachohitaji leo.